Msimu wa 2022 wa Minnesota Vikings: nyota nne, na sababu ya kuizuia ya tano

Nitoe hukumu mapema kwa wasio na nafasi ya kusoma yote. Msimu wa 2022 wa Minnesota Vikings, timu ya mpira wa Kimarekani, naupa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeliwa na safu ya ulinzi, na hilo nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu watu wengi hapa Marekani waliuita huu msimu wa bahati. Mimi niliulipia, nikaufuata tangu Septemba hadi walipotolewa Januari, na neno hilo silikubali.

Naandika kama mteja. Nimenunua tiketi, nimenunua jezi namba 18 ya Justin Jefferson, mpokeaji wao wa pasi, nimebadilishana zamu na wenzangu na kuwalipa kwa kufanya kazi sikukuu wao wakiwa nyumbani. Nimezaliwa Likoni, sasa naishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, mahali ambapo ukiingia dukani Jumamosi utasikia Kiswahili, Ekegusii na Kiingereza cha Waliberia katika foleni moja. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Na katika kazi hiyo, hapa Minnesota, Vikings haikwepeki. Jumapili ikifika sebule nzima huwa zambarau: blanketi, soksi, kofia, hadi utepe kwenye kiti cha magurudumu.

Yupo mzee mmoja ninayemhudumia ambaye ameifuata timu hii tangu ilipoanza 1961. Zamani alikuwa akikaa nje kwenye baridi kali katika uwanja wa wazi wa Bloomington, pale palipojengwa Mall of America. Yeye ndiye aliyenipa historia ambayo kila mnunuzi anapaswa kuijua kabla hajatoa senti. Vikings wamefika Super Bowl, fainali ya ligi, mara nne, katika misimu ya 1969, 1973, 1974 na 1976, na mara zote nne wakashindwa. Januari 1999, Gary Anderson, mpiga teke ambaye hakuwa amekosa hata moja msimu mzima, alikosa lile ambalo lingewapeleka fainali. Januari 2016 Blair Walsh alikosa teke la yadi 27 dhidi ya Seattle. "Binti," mzee aliniambia Septemba, "hii timu itakupenda, halafu itakuacha mlangoni." Nikamjibu, "Basi mzee wangu, tutasimama mlangoni pamoja."

Kwa msomaji aliyeko nyumbani ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu: timu hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi kumi. Ikifaulu, inaanza kuhesabiwa upya. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6. Kuupiga teke ukapita kati ya nguzo ni pointi 3. Anayetupa pasi ni kwotabeki. Ligi ina timu 32, kila moja inacheza mechi 17, na zilizofuzu zinaingia mtoano wa mechi moja moja. Mengine utayashika ukitazama. Kule kusimama kila baada ya sekunde chache kunakowaudhi watu wa soka, ndipo mahali pa kubishana na jirani yako kuhusu kitakachofuata, na mimi nimekuja kukupenda kuliko mchezo wenyewe unapokwenda mbio.

Msimu ulianza na uongozi mpya. Kocha mkuu Kevin O'Connell alikuwa na miaka 37 na ndiyo kwanza atoke Los Angeles Rams, waliokuwa wametwaa ubingwa Februari hiyo. Meneja mkuu alikuwa Kwesi Adofo-Mensah, mtoto wa wazazi waliotoka Ghana, aliyesomea uchumi na kufanya kazi Wall Street kabla ya kuingia katika mpira. Kumwona huyo ndiye mwenye kalamu ya mikataba kulinivuta, na wenzangu wengi wa Kiafrika kazini walisema vivyo hivyo. Siku ya kwanza, Septemba 11, wakawapiga Green Bay Packers 23-7. Jefferson peke yake alipokea pasi za yadi 184. Packers ndio mahasimu wa jirani, kutoka Wisconsin, na usiku huo wazee wangu walikataa kwenda kulala.

Wiki ya pili Philadelphia Eagles wakawafunga 24-7 na hapakuwa na cha kuzungumza. Lakini baada ya hapo ndipo msimu ulipoonyesha sura yake ya kweli. Detroit Lions walikuwa mbele, K.J. Osborn wa Vikings akafunga zikiwa zimesalia sekunde 45, ikawa 28-24. Oktoba 2 wakaenda London kucheza na New Orleans Saints katika uwanja wa Tottenham Hotspur. Kwetu hapa mechi ilianza saa mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikaketi na chai na mahamri, usingizi umekataa kuja. Greg Joseph akapiga teke la yadi 47, Vikings 28, Saints 25. Zikabaki sekunde chache, na mpiga teke wa Saints, Wil Lutz, akajaribu yadi 61. Mpira ukagonga nguzo ya kushoto, ukashuka ukagonga mwamba wa chini, ukarudi uwanjani. Dada yangu aliyekuwa Mombasa alinipigia simu wakati huohuo akanisikia napiga kelele, akadhani kuna msiba.

Wakashinda tena na tena: Bears 29-22. Dolphins 24-16. Cardinals 34-26. Commanders 20-17. Sizipambi, zilikuwa mechi za jasho la kawaida. Mwanzoni mwa Novemba walimchukua T.J. Hockenson kutoka Lions, na ununuzi huo ulikuwa wa busara: kwotabeki Kirk Cousins akapata mtu mrefu wa kumtupia mpira katikati pale Jefferson anapobanwa na walinzi wawili.

Kisha ikaja Novemba 13, ugenini kwa Buffalo Bills. Hii ndiyo mechi ninayomwonyesha mtu anayeniuliza mchezo huu una nini. Unapaswa kujua kwamba Vikings walikuwa wamemuuza Stefon Diggs kwa hao hao Bills mwaka 2020, na kwa nafasi waliyopewa katika biashara hiyo ndipo walipomchagua Jefferson kutoka chuo cha LSU. Kwa hiyo Diggs alikuwa upande ule, Jefferson upande huu, na kila mmoja akicheza kama anayetaka kuthibitisha nani alipunjwa. Bills walikuwa mbele 27-10. Dalvin Cook wa Vikings akachomoka akakimbia yadi 81. Vikings wakasogea, wakasogea, hadi wakafika jaribio la nne wakihitaji yadi 18, jaribio ambalo karibu kila timu hulipoteza. Cousins akautupa juu. Jefferson akaruka huku mlinzi ameushika mpira naye, akaupokonya kwa mkono mmoja nyuma ya kichwa, akaanguka nao. Yadi 32.

Siku hiyo nilikuwa zamu ya mchana. Mzee wangu alinikataza kukaa. "Ukikaa watakosa," alisema, nami nikasimama na trei mkononi hadi mwisho. Tena hapo hawakufunga! Walisimamishwa hatua moja kutoka mstari. Bills wakapewa mpira mlangoni mwao wenyewe, na katika kuupokea tu, kwotabeki wao Josh Allen akaudondosha, Eric Kendricks wa Vikings akaulalia: tachidauni. Bills wakasawazisha. Dakika za nyongeza Joseph akafunga teke, kisha Patrick Peterson akainasa pasi ya Allen na kuimaliza, 33-30. Trei nilikuta nimeiweka mapajani mwa bibi mwingine, naye ameishikilia kwa mikono miwili bila kulalamika.

Wiki moja baadaye, nyumbani, Dallas Cowboys wakawafunga 40-3. Cousins aliangushwa mara saba kabla hajatupa mpira. Naitaja kwa sababu tathmini inayoficha hiyo ni ya uongo.

Sasa uwanja wenyewe, kwa kuwa wengi mtataka kujua kama tiketi inalipa. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anakaa Bloomington. Tuliacha gari bure kwenye kituo cha treni cha 28th Avenue, tukapanda Blue Line inayosimama mlangoni kabisa pa U.S. Bank Stadium. Fanya hivyo. Maegesho ya katikati ya mji siku ya mechi yanapandisha bei kwa namna isiyo ya haki, na niliyemlipa mara moja sitamrudia. Mkoba lazima uwe wa plastiki inayoonyesha vilivyomo, na tiketi iko kwenye simu, kwa hiyo chaji simu usiku uliotangulia. Nje utaiona meli kubwa ya Kiviking ambayo mahali pa tanga imewekewa skrini. Mimi mtoto wa Likoni niliyekulia kwenye kivuko niliikagua kwa makini, na kazi yake imeheshimika.

Uwanja ulifunguliwa 2016 na unachukua watu takriban 66,000. Sehemu kubwa ya paa, upande wa kusini, ni ya plastiki inayopitisha mwanga, kwa hiyo Desemba nje kunaganda na ndani umevaa jezi tu na jua linakupiga usoni. Kwa mtu wa Pwani hilo peke yake ni nusu ya bei. Kabla ya mechi hupulizwa Gjallarhorn, baragumu kubwa mno, na aliyewahi kuisikia siwa ya Lamu ataujua mtetemo ule kifuani kabla ya masikio. Halafu ngoma inapigwa, watu wote wananyoosha mikono juu, wanapiga kofi moja na kuitikia "Skol!" Polepole, kisha haraka. Hakuna anayekuangalia kwa kuwa umejifunga hijabu. Niliyekaa naye bega kwa bega, mwanamke wa Duluth na mjukuu wake, alinifundisha lini kupiga kofi na lini kunyamaza. Kwotabeki wa nyumbani akiwa na mpira, uwanja unanyamazishwa ili wenzake wamsikie. Viti vya juu kabisa ni vya bei nafuu na mwinuko ni mkali, ila mchezo unaonekana wote, njia za wapokeaji unaziona zinavyokatana, kitu ambacho televisheni haikupi. Chakula ni ghali na kwa anayekula halali machaguo ni haba. Tulikula kwa dada pilau kabla hatujatoka.

Desemba 17, Jumamosi, saa sita mchana, dhidi ya Indianapolis Colts. Nilitoka kazini asubuhi, nikalala kidogo kwenye gari la shemeji. Vikings wakishinda wanatwaa ubingwa wa kundi lao la kaskazini. Colts walikuwa timu dhaifu yenye kocha wa muda, na kwotabeki wao Matt Ryan alikuwa mzee kimchezo. Kilichofuata kilinikausha mate. Teke la Vikings la kuuondosha mpira likazuiwa na kugeuzwa tachidauni. Pasi ya Cousins ikanaswa na Julian Blackmon, tachidauni nyingine. Teke, teke, teke. Mapumziko yakafika Colts 33, Vikings 0. Uwanja ukawazomea wachezaji wakiingia ndani, na mjukuu wa yule mama wa Duluth akavuta kofia ikamfunika macho.

Shemeji akasimama. "Shemeji, twende zetu, tuwahi treni kabla haijajaa."

"Shemeji, nimelipia robo nne," nikamwambia. "Mbili bado sijapewa."

Aliketi kwa heshima yangu tu, najua. Nikatafuta pembe tulivu nyuma ya ngazi nikaswali adhuhuri, na mlinzi wa uwanja aliyeniona akawaelekeza watu wapite upande mwingine hadi nikamaliza. Niliporudi, viti vingi vya karibu nasi vilikuwa vitupu.

Osborn akafunga, 33-7. Colts wakaongeza teke, 36-7. C.J. Ham akasukuma mpira kutoka yadi moja, 36-14. Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu. Cousins aliacha kuharakisha. Aliutoa mpira mapema, kwa Osborn upande huu, kwa Hockenson katikati, na walinzi wa Colts wakaanza kuinama mikono magotini kila mchezo ukisimama. Robo ya nne, Jefferson, 36-21. Adam Thielen, mtoto wa Detroit Lakes hapahapa Minnesota, 36-28. Marefa walikuwa wamepuliza filimbi mapema mara mbili siku hiyo Chandon Sullivan akiwa ameuokota mpira na kukimbia nao hadi mwisho, na mara zote mbili tachidauni haikuhesabiwa. Uwanja ulitetemeka kwa hasira. Waliokuwa wameondoka walianza kurudi ngazini wakihema, wengine wakiwa tayari wamevaa makoti ya nje.

Zikiwa zimebaki dakika mbili na nusu hivi, Colts walihitaji yadi moja tu katika jaribio la nne kwenye yadi 36. Wakipata, mechi imekwisha. Ryan akajisukuma mwenyewe na mpira, na ukuta wa Vikings ukamsimamisha. Mchezo uliofuata, wa kwanza tu, Cousins akampa Cook pasi fupi ya pembeni, na Cook akaenda yadi 64 bila kuguswa. Pointi mbili za nyongeza kwa Hockenson: 36-36. Shemeji, mtu mzima mwenye mvi, alinikumbatia kisha akaniachia haraka akaomba radhi.

Muda wa nyongeza ulikaribia kwisha wote. Zikiwa zimebaki sekunde 3 Joseph akapiga teke la yadi 40 na Vikings wakashinda 39-36. Hakuna timu katika historia ya ligi hii, NFL, iliyowahi kurudi kutoka nyuma kwa pointi 33. Rekodi iliyotangulia ilikuwa pointi 32, ya Buffalo dhidi ya Houston Oilers, Januari 1993. Cousins alimaliza na yadi 460. Osborn, ambaye watu humsahau Jefferson anapong'aa, alikuwa na 157. Kwa bei ya tiketi ya juu kabisa, sijawahi kununua kitu chenye thamani hiyo tangu nifike nchi hii.

Wiki iliyofuata Joseph tena, yadi 61, saa ikiwa imekwisha, 27-24 dhidi ya New York Giants.

Sasa kuhusu bahati. Vikings walishinda 13 na kupoteza 4, lakini walifunga pointi 424 na kufungwa 427. Hakuna timu nyingine iliyowahi kushinda mechi 13 huku hesabu yake ya pointi ikiwa chini ya sifuri. Mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au pungufu zilikuwa 11, na wakashinda zote 11. Wenye kudai bahati wanaishia hapo. Mimi niliketi na karatasi. Kushindwa kule kanne, 24-7, 40-3, 34-23 na 41-17 kwa Packers siku ya mwaka mpya, jumla yake ni tofauti ya pointi 89. Ushindi wote 13 ukiujumlisha ni 86. Maana yake timu hii ilipozidiwa, ilizidiwa kabisa. Na ilipokuwa na nafasi hata ndogo, haikuiachia. Kocha aliwaweka watulivu. Cousins alirudi kutoka nyuma katika robo ya nne mara 8. Jefferson alipokea pasi 128 za yadi 1,809, akaongoza ligi nzima na kuvunja rekodi za klabu za Cris Carter na Randy Moss, na akatuzwa kuwa mshambuliaji bora wa mwaka. Watu hao walifanya kazi. Bahati haifanyi kazi mara 11.

Kinachonikera ni kwamba walilazimika kuifanya. Ulinzi ulikuwa wa 31 kati ya timu 32 kwa yadi ulizoruhusu. Kocha wa ulinzi, Ed Donatell, alikuwa na mpango wa kuwaweka watu wake wa nyuma mbali ili wasipitwe na pasi ndefu, na kuwasubiri wapinzani wakosee. Ukikaa juu uwanjani unaiona nafasi hiyo kwa macho: duara tupu mbele ya walinzi, na kwotabeki yeyote mvumilivu anaitumia siku nzima, yadi saba, yadi tisa, yadi kumi na moja. Danielle Hunter na Za'Darius Smith walijitahidi kuwafikia makwotabeki, lakini mpira ulikuwa umeshatoka mkononi. Kwa hiyo ushambuliaji ulishinda mechi, ulinzi ukairudisha wazi, ushambuliaji ukaishinda tena. Nilimwambia mzee wangu hilo Desemba. Akasema, "Binti, umeshakuwa mtu wa Minnesota."

Januari 15, 2023, mtoano, nyumbani, Giants wale wale. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Daniel Jones awatupie zaidi ya yadi 300, na nilitegemea kuona walinzi wamesogezwa mbele. Hawakusogezwa. Jones akatupa yadi 301, na juu ya hizo akakimbia 78 kwa miguu yake. Saquon Barkley akafunga mara mbili. Ushambuliaji ukajibu na kujibu, lakini Jefferson alibanwa hadi yadi 47. Giants 31, Vikings 24. Jaribio la nne la mwisho lilihitaji yadi 8. Cousins, huku amebanwa, akampa Hockenson pasi iliyopata yadi 3. Wengi walimlaani Cousins kwa pasi hiyo. Mimi nasema kwotabeki aliyefunga pointi 24 katika mtoano hapaswi kuwa ndiye anayeulizwa. Nilikuwa sebuleni na wazee. Niliwapeleka vyumbani mmoja mmoja, na hakuna aliyetaka televisheni ya chumbani iwashwe.

Siku chache baadaye Donatell alifutwa kazi, na Februari akaletwa Brian Flores, kocha anayejulikana kwa kutuma watu wengi kumshambulia kwotabeki. Hilo ndilo hasa nililotaka kama mteja. Machi 2023 wakaondoka Thielen, Kendricks na Peterson. Thielen ndiye aliyenichoma zaidi. Wazee wangu walimwita "mtoto wetu", na alikuwa hivyo, kijana ambaye hakuna timu iliyomchagua alipotoka chuoni Mankato.

Ukitaka kuujaribu msimu ujao bila kutoa pesa nyingi, nunua antena ya dukani. Mechi zote za Vikings zinaonyeshwa hapa mjini kwenye stesheni za bure, hakuna haja ya kulipia kifurushi cha kila mwezi. Ukiwa barabarani, weka KFAN, 100.3 FM, umsikilize Paul Allen; anatangaza kama mtu ambaye mwanawe yuko uwanjani, na amenifanya niegeshe gari pembeni zaidi ya mara moja. Tiketi usinunue mapema. Subiri siku mbili tatu kabla ya mechi, hasa kama mgeni si Packers, bei ya wanaouza tena hushuka. Kaa juu, na chukua kiti kilicho karibu na ngazi kama unakwenda na mtu mzee. Mimi tayari nimeomba ruhusa kazini ya kumpeleka mzee wangu mechi moja ya Desemba, na daktari wake amekubali mradi tuwe na blanketi la njiani. Viti vya magurudumu vina nafasi zake uwanjani, na mtu mmoja wa kusindikiza anakaa ubavuni. Piga simu ofisi ya tiketi mapema, walinijibu vizuri.